Kuwalinda Kobe Pale Mtambo wa Umeme wa Jua Unapojengwa kwenye Ardhi ya Jamii

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za ardhi za jamii, wakandarasi na wasimamizi wa kazi wanaotarajia kujenga mitambo ya umeme wa jua katika nyika iliyo nyuma ya Mombasa, yaani ukanda mkavu unaoanza ukishapita Mariakani na Samburu kuelekea Taru na Mackinnon Road, pamoja na bara ya Kilifi, ambako mtambo wa Langobaya umekuwa ukizalisha umeme tangu Desemba 2021. Ardhi ya namna hii huwavutia wawekezaji kwa kuwa ni tambarare, ina jua la kutosha na wakazi wachache. Sifa hizohizo ndizo zilizoifanya iwe makao ya kobe, na kobe hana mbio za kumwokoa tingatinga linapofika.

Uzoefu mkubwa zaidi wa kazi hii umetoka katika jangwa la Mojave, magharibi mwa Marekani. Kobe wa jangwa hilo aliwekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini chini ya sheria ya taifa mwaka 1990, na tangu hapo hakuna mradi unaoruhusiwa kusafisha ardhi anamoishi bila mpango wa kumlinda. Mradi unaotufaa zaidi kwa mfano ni ule wa jamii ya Moapa ya Wapaiute, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, kilomita 50 hivi kaskazini mashariki mwa Las Vegas, jimbo la Nevada. Mtambo wao wa megawati 250 uliidhinishwa mwaka 2012 na kuzinduliwa mwaka 2017, ukawa wa kwanza wa ukubwa huo kujengwa katika ardhi ya kabila nchini humo, huku umeme wake ukiuzwa Los Angeles. Jamii hiyo ilikuwa imeishi miaka mingi jirani na kituo cha umeme wa makaa ya mawe, kwa hiyo ilikuwa na sababu nzuri ya kuutaka umeme wa jua, na hata hivyo haikuchukulia kwamba nishati safi inatosha kuwa udhuru wa kumsahau kobe.

Hatuwezi kuzihamishia taratibu za Nevada hapa kwetu zilivyo. Kobe wa Mojave huchimba shimo na kukaa ndani yake sehemu kubwa mno ya maisha yake, hivyo anayemtafuta hutafuta kwanza mlango wa shimo. Kobe wetu wa nyika, yule mkubwa mwenye gamba la madoa meusi na manjano, kwa kawaida hachimbi shimo la kuishi. Hujibanza chini ya kichaka kizito, kwenye kichuguu kilichobomoka, au katika shimo lililoachwa na muhanga au ngiri. Karibu na misitu ya pwani kuna kobe mwingine mdogo ambaye sehemu ya nyuma ya gamba lake hujifunga kama mlango, naye huonekana kwa shida zaidi kwa sababu rangi yake ni ya majani makavu. Yuko pia kobe bapa wa miambani, ambaye makao yake yanapatikana zaidi kuanzia Ukambani kwenda kaskazini, hutaga yai moja tu kwa mara moja, na tangu 2019 biashara ya kimataifa ya kobe huyo aliyetolewa porini imepigwa marufuku. Mradi wowote wenye miamba iliyopasuka ndani ya mipaka yake unapaswa kumuulizia. Watu wengi wa Mombasa wakisikia neno kobe huwaza wale majitu wa Haller Park, Bamburi, lakini hao asili yao ni visiwa vya Aldabra, na ukubwa wao umetupa dhana potofu kwamba kobe ni mnyama asiyeweza kukosekana machoni. Kobe aliyetoka kuanguliwa hutoshea kwenye kiganja cha mtoto.

Kabla ya kutia saini

Nguvu kubwa zaidi ya jamii ipo kabla ya mkataba, na hupungua kila siku baada yake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka makubaliano na mwekezaji yaidhinishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo, na inataka makubaliano hayo yagusie tathmini ya athari kwa mazingira, hatua za kupunguza madhara na wajibu wa kuirejesha ardhi katika hali yake mradi unapomalizika. Kamati nyingi hutumia mkutano huo kujadili kodi na ajira pekee. Ni haki yao, lakini masharti ya kobe yasipoandikwa hapo, baadaye yatakuwa maombi tu.

Masharti matatu yanatosha kuwekwa kwenye mkataba, na mengine yaachwe kwenye mpango wa kazi. La kwanza ni kwamba hakuna mtambo mzito utakaoingia katika kipande chochote kabla ya kipande hicho kuzungushiwa ua na kupekuliwa. La pili ni kwamba kutakuwa na walinzi wa kobe watokao katika jamii yenyewe, waliofunzwa, wanaolipwa na mradi kwa mshahara wa mwezi na si kwa kibarua cha siku. La tatu, ambalo wakandarasi hulipinga kuliko yote, ni kwamba mlinzi wa kobe ana mamlaka ya kusimamisha mashine mara moja bila kumuuliza msimamizi wa kazi. Mlinzi anayelazimika kupiga simu ofisini kabla ya kunyoosha mkono hana kazi pale, kwani tingatinga halingoji simu ipokelewe.

Ripoti ya tathmini inayopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, isomwe na mtu wa jamii anayeijua ardhi. Ripoti nyingine huandikwa baada ya ziara fupi ya wakati wa kiangazi, kisha husema kwamba wanyama wadogo hawakuonekana, jambo ambalo ni kweli na halithibitishi chochote. Waulizwe wachungaji, wachoma makaa na akina mama wanaokwenda kuni, kwa sababu hao ndio wanaojua ni bonde gani kobe hutokea mvua ya kwanza ikinyesha. Majina ya mahali wanayoyataja yaandikwe kwenye ramani ya mradi, hata kama mhandisi ameyapa maeneo hayohayo herufi na namba.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kumkamata au kumhamisha kobe bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kitafutwe mapema, pamoja na mtaalamu wa wanyamapori atakayesimamia kazi yote, maana kobe akipatikana katikati ya eneo la ujenzi siku ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kumgusa, mtu atamgusa tu, na atamgusa vibaya.

Kalenda ya mvua ndiyo kalenda ya kazi

Wakandarasi hupenda kuanza kusafisha ardhi Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ardhi inapokuwa kavu na malori hayakwami. Wakati huo ndio mbaya kuliko wote wa kumtafuta kobe, kwa kuwa joto na ukosefu wa majani mabichi humfanya atulie mafichoni, asile wala asitembee, na mtu anaweza kupita hatua moja kutoka kwake asimwone. Kobe hutoka mvua inapoanza, hunywa kwenye madimbwi, hula majani mateke na kutafutana kwa ajili ya kuzaliana. Katika Mojave upekuzi hufanywa zaidi Aprili na Mei, kisha Septemba na Oktoba, kwa sababu hiyohiyo ya kumfuata mnyama anapokuwa nje.

Mpangilio unaofaa huku kwetu ni kujenga ua wakati wa kiangazi, kwa mikono na vifaa vyepesi, kupekua mvua za vuli au za masika zinapoanza, kisha kuleta mashine ardhi inapokauka. Mpango huu huongeza miezi kadhaa kwenye ratiba. Mwenye fedha akiambiwa mwanzoni huupokea, kwa sababu huingia kwenye hesabu zake, lakini akiambiwa wakati malori yamekwisha kukodiwa ataona anahujumiwa. Mwaka 2011 mamlaka za Marekani zilisimamisha sehemu ya ujenzi wa mtambo mkubwa wa Ivanpah, California, baada ya kubainika kwamba kobe walikuwa wengi kuliko ilivyokadiriwa, na kusimama kwa namna hiyo ni ghali kuliko kungoja msimu mmoja.

Ua

Sehemu hii ndiyo inayoamua mengine yote, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Ua wa usalama unaozunguka mtambo, ule wa nguzo na seng'enge za miba, haumzuii kobe. Kobe anahitaji ua wake wa chini, unaoweza kufungwa kwenye nguzo hizohizo. Kipimo kinachotumika Mojave ni wavu wa chuma uliochomelewa wenye matundu ya sentimita 2.5 kwa 5, unaosimama sentimita 60 hivi juu ya ardhi na kuzikwa sentimita 30 chini yake. Palipo na mwamba usiochimbika, wavu hukunjwa kwa chini uelekee upande anakotoka kobe, ukalazwa juu ya ardhi na kufunikwa kwa udongo na mawe, ili anayejaribu kuchimba ajikute anachimba juu ya wavu. Wavu wa kuku wa kawaida usitumike hata kama bei yake inashawishi. Ukizikwa huoza upesi kwa kutu, na mnyama mwenye nguvu huusukuma ukapinda.

Lango ni mahali panaposahauliwa. Upenyo chini ya lango usizidi sentimita 5, na lango lifungwe kila lori linapopita, au awepo mtu wa kulilinda mchana kutwa. Makorongo nayo yanahitaji fikira, kwa sababu maji ya mvua ya nyika huja kwa kishindo yakibeba magogo, na ua uliokatiza korongo utang'oka siku hiyohiyo. Hapo huwekwa kipande kinachoweza kutolewa au kukatika peke yake bila kuvuta ua wote, nacho hukaguliwa na kurudishwa mara mvua inapokatika.

Ua mpya una hatari yake ambayo wengi hawaijui. Kobe ana eneo lake, na njia zake za kwendea majini na malishoni amezizoea kwa miongo. Akikuta wavu umekatiza njia yake, na kwa kuwa anaona kilichopo upande wa pili, hutembea kando ya ua akienda na kurudi saa nyingi juani, na anaweza kufa kwa joto huku ua ukiwa haujamgusa. Kwa hiyo walinzi watembee ua mzima kila siku katika majuma mawili ya kwanza ya msimu ambao kobe wanatembea, tena kabla ya jua kuwa kali, na vibanda vidogo vya kivuli viwekwe kando ya ua kwa nafasi zisizo mbali. Makuti hutosha kabisa kwa kazi hii. Fundi akiwa na vipande vya bomba pana vilivyopasuliwa kati anaweza kuvifukia nusu, lakini hakuna haja ya kuagiza kitu chochote kutoka mjini.

Upekuzi

Ua ukishafungwa, eneo la ndani hupekuliwa lote bila kuacha kipande. Watu hupangwa mstari mmoja, kila mmoja akiangalia upana wa mita 5, wakatembea polepole kuelekea upande mmoja, kisha wakarudia kwa kukata njia ya kwanza. Desturi ya Mojave ni kwamba eneo halihesabiwi kuwa tupu mpaka lipitiwe mara mbili mfululizo bila kuonekana kobe. Akipatikana hata mmoja katika mara ya pili, hesabu huanza upya. Kanuni hii huchosha, na ndiyo maana msimamizi asiachiwe kuifupisha jioni ya mwisho.

Katika nyika yetu yenye vichaka vya miiba, kutembea tu hakutoshi. Kila kichaka kiinamiwe, matawi ya chini yainuliwe kwa fimbo, na kila shimo liangaliwe kwa kioo kinachorudisha mwanga wa jua ndani au kwa kamera ndogo yenye waya mrefu. Shimo lenye dalili ya kukaliwa lifukuliwe kwa koleo na mikono, polepole, kutoka kando, na likishathibitika kuwa tupu lifukiwe ili kobe asirudi humo. Tahadhari ichukuliwe, maana katika mashimo hayo kuna nyoka pia, hasa swila na moma. Wachungaji vijana ni hodari wa kazi hii kuliko wahitimu wengi wa chuo, nami ningewaweka wawili wao kwa kila mtaalamu mmoja.

Mayai ni shida ya peke yake. Kobe wa madoa huyafukia ardhini na hukaa miezi mingi kabla ya kuanguliwa, na juu hapaonyeshi kitu. Yakifukuliwa kwa bahati, kila yai litiwe alama ya penseli upande wake wa juu kabla ya kuinuliwa, libebwe bila kugeuzwa, na lizikwe mahali pengine kwa kina kilekile na kwa mkao uleule, kwani yai lililogeuzwa linaweza kumuua kiumbe aliye ndani.

Kumshika na kumhamisha

Kobe huhamishwa pale tu isipowezekana kumwacha. Katika Mojave wamehamishwa kobe wengi sana, na matokeo hayakuwa mazuri kila mara. Mwaka 2021, wakati wa ukame mkali, zaidi ya kobe 100 waliondolewa kwenye eneo la mradi wa umeme wa jua wa Yellow Pine, Nevada, na baada ya muda mfupi takriban 30 kati yao walikuwa wameuawa, wakishukiwa wanyama wa jamii ya nyegere. Mnyama aliyetupwa ugenini hajui pa kujificha, naye hutembea sana akitafuta kwao, hivyo huonekana na kila mwenye njaa. Kutokana na hayo mimi huona kwamba kuhamisha wakati wa ukame ni sawa na kuua kwa kuchelewesha, na mkataba ungepaswa kukataza jambo hilo waziwazi.

Anayepaswa kuhamishwa apelekwe karibu kadiri inavyowezekana, ikiwezekana ndani ya mita 500 kutoka alipookotwa, nje ya ua, upande wenye vichaka na malisho ya aina ileile aliyoizoea. Ashikwe kwa mikono miwili, akiwa amelala sawa kama anavyotembea, asipinduliwe wala kuinuliwa juu kwa ajili ya picha. Kobe wa nchi kavu huhifadhi maji kwenye kibofu na kuyatumia wakati wa kiangazi. Akiogopa huyamwaga yote, na hasara hiyo inaweza kumuua majuma baadaye pasipo mtu kuhusisha kifo chake na siku aliyoshikwa. Akikojoa, awekwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyozidi kidevu chake, kivulini, kwa muda wa nusu saa hivi, kisha ndipo aachiwe.

Glavu za kutupa zivaliwe, jozi mpya kwa kila kobe, na boksi lililombeba mmoja lisimbebe mwingine kabla ya kusafishwa kwa dawa. Maradhi ya njia ya hewa yaliyoenea miongoni mwa kobe wa Mojave yalikuwa miongoni mwa sababu za kulindwa kwao mwaka 1990, na wataalamu wa huko wanatilia mkazo kutowachanganya kobe wa porini na waliofugwa. Kwa hiyo mtu wa mjini aliyesikia kuna mradi wa kobe asikubaliwe alete wake aliyemfuga uani ili aachiwe nyikani pamoja na wengine. Tena kobe asishikwe wala kuachiwa joto la kivulini, likipimwa sentimita 5 juu ya ardhi, likishafika nyuzi 35. Mara nyingi hiyo ina maana kwamba kazi yote ya kuhamisha huisha kabla ya saa nne asubuhi.

Siku za ujenzi wenyewe

Mashine zikishaingia, hatari hugeuka kuwa ndogondogo na za kila siku. Mitaro ya nyaya ndiyo hatari kubwa kati ya hizo. Mtaro ulioachwa wazi usiku ni mtego, kwa hiyo ufunikwe jioni, au uwekewe mteremko wa udongo au ubao kila baada ya umbali mfupi ili aliyetumbukia aweze kupanda, na ukaguliwe kila asubuhi kabla ya kufukiwa. Mabomba yaliyolazwa chini yazibwe ncha. Kivuli cha gari ni kivuli kama kingine kwa kobe, basi dereva ainame kuangalia chini ya gari kabla ya kuliwasha, na mwendo ndani ya eneo usizidi kilomita 25 kwa saa, pamoja na bodaboda za wafanyakazi, ambazo kwa kawaida hakuna anayezihesabu.

Kisha kuna kunguru. Katika Mojave kunguru wakubwa weusi hufuata takataka na maji ya ujenzi, hujenga viota kwenye minara ya umeme, na hula watoto wa kobe ambao gamba lao bado ni laini. Sisi tunaye kunguru wa Bara Hindi, ambaye Mombasa nzima inamjua, na ambaye hufuata watu popote wanapokwenda na chakula. Kambi ya wafanyakazi yenye mabaki ya ugali na samaki ikiwekwa nyikani itamvuta mpaka mahali ambapo hakuwapo, naye hataondoka kambi ikivunjwa. Mapipa yawe na vifuniko vinavyofungwa, takataka zitolewe kila jioni, maji ya kuzuia vumbi yasimwagwe hadi yakatuama, na viota vikaguliwe kwenye minara. Mbwa wa kambini wasiruhusiwe kabisa.

Mfanyakazi yeyote, mpishi na dereva wa siku moja wakiwamo, asikanyage ndani kabla ya kupewa maelezo mafupi kwa Kiswahili juu ya nini afanye akimwona kobe: asimame, asimguse, aite mlinzi. Aambiwe pia bila kuzungukazunguka kwamba kumbeba kobe kwenda naye nyumbani, iwe kwa kufuga au kwa dawa, kutamfikisha mahakamani.

Ndani ya ua baada ya kazi

Kuna uamuzi mmoja wa kihandisi ambao jamii inaweza kuudai mapema, nao ni kutokuchimbua ardhi yote. Miradi kadhaa ya Nevada sasa hufyeka majani na kuacha mizizi na udongo wa juu palepale, ikisimika nguzo za paneli katikati yake, badala ya kuparua kila kitu kwa greda. Majani hurudi na vumbi hupungua, jambo ambalo mwenye paneli analipenda pia, kwani vumbi hula umeme wake. Ujenzi ukimalizika, wavu wa kobe unaweza kuinuliwa sehemu kadhaa kwa chini ili kobe waingie na kutoka, ilhali ua wa usalama unabaki kuwazuia watu na mifugo. Njia za magari ndani ya mtambo zibaki na kikomo kilekile cha mwendo.

Waliohamishwa wafuatiliwe angalau misimu miwili ya mvua, wengine kwa kifaa kidogo cha mawimbi ya redio kilichobandikwa kwenye gamba, wengine kwa alama na picha. Daftari la walinzi, lenye tarehe, mahali, ukubwa wa kobe na hali yake, liwe mali ya kamati ya ardhi, na nakala tu ndiyo ipelekwe kwa mradi, NEMA na KWS, kwa sababu mkandarasi akishaondoka huondoka na kompyuta zake.